Soketi Nyeupe za Mzee Eliufoo

Jumatatu, 23 Machi

Mvua imeanza rasmi, na magari ya watalii yameanza kushuka. Kila mwaka ni hivyo: mlima ukijifunika, wageni wanapungua, na makampuni yanatuletea Land Cruiser zao zikiwa zimechoka mpaka taa. Sisi tunatakiwa kuzirudisha mwanzoni mwa Juni zikiwa kama mpya. Mzee Eliufoo, mwenye gereji, ameshatangaza kwamba hakuna ruhusa ya kuumwa mpaka masika yaishe.

Kazi yangu ni stoo. Natoa vifaa asubuhi, navipokea jioni, navifuta na kuvipanga. Mume wangu Mashaka yuko kwenye magurudumu na breki. Watu hutuuliza tunawezaje kushinda pamoja kazini halafu turudi nyumba moja. Huwa nawajibu kwamba kazini hatuongei.

Naandika haya kwa sababu nikimwambia mtu ninayoyawaza nitaambiwa nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Ni kweli ninao. Mwanamke mwenye mume wa jicho moja akikosa wasiwasi, huyo ndiye wa kuchunguzwa. La kushoto liliondoka na surua akiwa mtoto. Lililobaki tunalitumia wote wawili: yeye kwa kuonea, mimi kwa kuliwazia.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Vedastus, fundi wetu wa injini, kachelewa. Anasema daraja limefunikwa na maji. Anakoishi hakuna daraja.

Jumatatu, 30 Machi

Mzee Eliufoo ameingia leo amekumbatia boksi jekundu kama mtu aliyebeba mtoto wa ubatizo. Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi kwao Machame, na baada ya ibada kukawa na mnada nje ya kanisa kama kawaida yao. Walichotoa watu sadaka kinauzwa pale pale: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, maziwa. Safari hii kijana mmoja anayeishi ng'ambo alikuwa ametoa seti nzima ya soketi za kufungulia nati. Mzee akaigombania na mwenye duka la vipuri wa Himo, watu wakishangilia, mpaka yule wa Himo akanyoosha mikono. Bei hataki kuitaja, hata mkewe hajui.

Akalifungua boksi juu ya meza yangu. Soketi nyeupe, zimepakwa kromu, zinang'aa kama vijiko vya harusi.

"Hizi zimeombewa," akasema. "Mama Sophia, zile nyeusi zetu za zamani zilizolegea weka pembeni. Vijana watumie hizi."

Alipotoka, Vedastus akaja dirishani akaongea chini chini. "Dada Hajira, hizi ni za mkono. Chuma chake kigumu, hakijui kunyumbuka. Ukizivalisha kwenye mashine ya upepo, ile inavyogonga gonga, ipo siku zinapasuka. Kule karakana niliyokuwa zamani kuna mtu kipande kilimwingia shavuni."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii Mzee. Akasema yeye ana mkopo kwa Mzee. Basi nikabaki mimi. Na mimi, Hajira wa Majengo, na ushungi wangu kichwani, nitamwambiaje mzee wa kanisa kwamba kilichotoka madhabahuni kwake kitaumiza watu? Nitaambiwa nimedharau dini za watu. Nimenyamaza, na nimekaa roho juu siku nzima.

Jumatano, 1 Aprili

Nyeupe za namba ishirini na moja, za nati za magurudumu ya Land Cruiser, ziko mbili. Mashaka amechukua moja akaivalisha kwenye mashine ya upepo. Nimeshajifunza sauti zake. Nyeusi inaguna. Nyeupe inalia.

"Kwa nini usitumie ile ya zamani?" nikamuuliza.

"Hii nyembamba, inaingia vizuri kwenye rimu."

Hapo siwezi kubishana. Ni nyembamba kweli.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu, gereji imefungwa. Mashaka kamwaga chai mezani halafu kanilaumu mimi kwa kuhamisha kikombe. Sijahamisha kikombe chochote.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemnunulia miwani ya kinga pale Mbuyuni, ile ya plastiki inayofunika mpaka pembeni. Aliivaa mpaka chai ya saa nne. Nilipotazama tena ilikuwa kwenye kioo cha gari.

"Inaniwekea ukungu," akasema.

"Ifute."

"Mama Sophia, nifute miwani au nifungue magurudumu?"

Vedastus akacheka. Nimemnunia Vedastus mpaka jioni, maana mume nilishamnunia.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo nimejikaza, nimemwambia Mzee. Nilianza na shikamoo ndefu, nikaulizia ng'ombe, nikaulizia mama, ndipo nikasema wanaojua vifaa wanasema hizi nyeupe si za mashine.

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alitabasamu kama unavyomtabasamia mtoto anayeogopa radi.

"Mama Sophia, umewahi kusikia kitu cha sadaka kimemdhuru mtu?"

"Sijasikia, baba. Ila hata kwenye mfuniko wa boksi wameandika ni za mkono."

"Siku hizi wanaandika kila kitu. Hata kwenye sabuni wanaandika usile."

Wakacheka wote, na Mashaka akiwemo. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu unayemtetea jicho lake anacheka pamoja na wanaolichezea. Mzee huyu nilikuwa namheshimu. Ndiye aliyempa Mashaka kazi wakati wengine walimwambia fundi wa jicho moja ni nusu fundi. Leo nimemwona mtu mwenye kiburi tu, anayeona aibu kukiri kwamba alinunua kitu kwa kelele za watu.

Jumamosi, 18 Aprili

Wakati wa kufuta vifaa nimeona ufa kwenye nyeupe namba kumi na tisa, mwembamba kama unywele. Nikampelekea Mzee. Akaivaa miwani yake, akaivua, akasema ni mkwaruzo. Nilirudi stoo nikakaa nayo mkononi muda mrefu. Halafu nikaenda nayo chooni nikaitupa shimoni.

Jumatatu, 20 Aprili

Imeulizwa kumi na tisa iko wapi. Nimesema sijaiona leo, ambayo ni kweli.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua imenyesha mpaka maji yakaingia kwenye shimo la gereji. Gari likimaliza kutengenezwa breki, siku hizi Mashaka anampa Vedastus akalijaribu barabarani. Zamani ukimnyima Mashaka kulijaribu gari alikuwa ananuna kuliko mimi. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema barabara ina utelezi na yeye amechoka. Msikitini pia haendi alfajiri, anaswali nyumbani. Tope, anasema.

Nadhani na yeye anaogopa zile soketi, ila hataki kusema mbele ya Mzee. Wanaume wataogopa kitu mpaka kiwaue, mradi wasionekane wanaogopa.

Jumatano, 29 Aprili

Imetokea.

Ilikuwa baada ya chai ya saa nne. Yalikuwa manyunyu, ile mvua isiyojua inataka nini. Land Cruiser ya kijani ilikuwa juu ya jeki, gurudumu la nyuma upande wa kulia, na nati moja ilikuwa imeshikwa na kutu. Mimi niko dirishani mwa stoo nafuta spana. Nasikia mashine inalia, inanyamaza, inalia, inanyamaza.

Vedastus akamwambia, "Fundi, iloweke mafuta kwanza."

"Inatoka hii," Mashaka akasema, na akasogeza uso karibu. Nimewaza sana kwa nini alisogeza uso. Fundi wa miaka yote hiyo anajua nati ikigoma unajivuta nyuma.

Ukatokea mlio. Haukuwa mkubwa, kama sahani iliyoangukia sakafu ya chumba cha pili. Mashine ikaendelea kuzunguka haina kitu mdomoni, na Mashaka akakaa chini taratibu, mikono yote miwili usoni. Damu ikatoka katikati ya vidole.

Sikumbuki nilivyotoka stoo. Nakumbuka nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope na napiga kelele, "Ni jicho? Baba Sophia, ni jicho?" Nilimvuta mikono niitoe usoni, akagoma, na ana nguvu. Vedastus akazima kompresa. Mzee Eliufoo akaja mbio, akasimama, akasema "Yesu," akakimbilia barabarani kusimamisha bajaji.

Tulimpakia kwenye bajaji mpaka zahanati. Njia nzima nilimshika kichwa na kuwaza vitu vidogo vidogo. Nani atamnyoa ndevu. Sophia akirudi kutoka shule ya bweni, baba yake atajuaje kama amerefuka. Nilimwomba Mungu kwa kupatana, kama niko sokoni: achukue mguu, achukue masikio, tutaishi, hili moja aliache.

Nesi Theopista akamlaza, akamwosha polepole. Kipande kilikuwa kimezama kwenye nyusi, kidogo kama punje ya mchele. Jicho halikuguswa. Alilifungua kwa vidole, akalimulika tochi, akalitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Halijaumia," akasema. "Ila uvimbe ukishuka aende kliniki ya macho. Asikae nyumbani."

Mashaka akasema ndiyo nesi, asante nesi. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, sikusikia vizuri kitu kingine chochote. Nesi akaniletea kiti kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Jioni Mzee alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi na maziwa. Akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.

"Mama Sophia, ulinieleza."

"Nilikueleza, baba."

Alisubiri niseme neno la kumpunguzia. Nikayapeleka maziwa jikoni.

Alhamisi, 30 Aprili

Mzee amekusanya soketi zote nyeupe kwa mikono yake, kafunga boksi, kaliweka kwenye pikapu. Anazipeleka Machame, zitafungulia trekta dogo la shambani, kwa mkono. Mchana akaja na seti nyeusi mpya, nzito, ina mafuta ya kiwandani bado. Nilizipanga kwenye rafu nikazitazama kwa raha. Leo nitalala usingizi wa kwanza tangu Pasaka.

Jumanne, 5 Mei

Mashaka karudi kazini, plasta kwenye nyusi. Kliniki? Wiki ijayo.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua. Kliniki? Kazi zikipungua.

Jumanne, 12 Mei

Kuna jambo silielewi. Nyeusi namba ishirini na moja naitoa kila asubuhi kwa Mashaka, na kila jioni anairudisha. Leo niliishika ili niifute, nikakuta haina cha kufutwa. Mafuta ya kiwandani bado yako ndani, safi, hayajaguswa. Na leo nimehesabu kwa macho yangu magari yaliyoshushwa magurudumu. Yalifunguka kwa dua?

Alhamisi, 14 Mei

Niliacha kazi zangu nikasikiliza tu. Saa tano hivi nikasikia. Inalia.

Nilitoka mbio, mpaka nikapoteza kiatu kimoja kwenye tope. Nilipofika, mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni na wa pili umeshika soketi nyeusi, tena kumi na saba, mbele ya nati ya ishirini na moja. Hata Sophia anajua hiyo haiingii.

"Toa kilichoko mfukoni."

"Mama Sophia, watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Akavuta jeki akaenda gari la pili. Vedastus akajifanya anatafuta kitu chini ya injini.

Nimeshaelewa. Mzee ameona kazi zinachelewa, Juni inakaribia, na nyeusi ni nene, haziingii vizuri kwenye rimu. Kamrudishia Mashaka ile nyeupe iliyobaki kwa siri ili mimi nisione. Alikuja kwangu na ndizi, akainamisha kichwa, kumbe ilikuwa maigizo. Jumamosi nampandia huko huko kwake. Safari hii sianzi na ng'ombe.

Jumamosi, 16 Mei

Machame kulikuwa na ukungu hadi mlangoni. Mama Eliza, mke wa Mzee, alinipokea kabla sijabisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umeloa hivyo? Ingia kwanza jikoni, kuna machalari ya moto."

Ni vigumu kuwa na hasira mbele ya sahani ya ndizi na nyama, lakini nilijitahidi. Nikamwambia nimemfuata Mzee. Akanionyesha nyuma, kwenye kihamba chao, kati ya migomba na mibuni. Nilimkuta anamkatia ng'ombe magome ya mgomba. Aliponiona aliweka panga chini, akafuta mikono, na nikaona anajua nilichofuata.

"Shikamoo baba. Mume wangu ana jicho moja."

"Marahaba. Najua, mwanangu."

"Na wewe umempa tena."

Alimsogezea ng'ombe magome kwa mguu. Ng'ombe akaendelea kutafuna. Halafu Mzee akasema, "Nilimpa. Ila sikumpelekea. Alinifuata yeye, jioni ile ile nilipozifunga, akanikuta kwenye pikapu. Alinishika mkono, Mama Sophia. Mtu mzima. Akasema baba niachie hata moja, ya ishirini na moja iliyobaki tu. Nilikataa. Akaniambia sababu. Nikampa, nikamwapisha atumie kwa mkono, asiivalishe kwenye mashine."

"Anaivalisha."

Akafumba macho. "Basi nimekosea mara mbili."

"Sababu gani hiyo, baba?"

"Aliniomba nisikwambie, na mimi nikaitikia. Kamuulize mwenyewe, na umuulize leo. Mwambie Mzee amesema asipokujibu, Jumatatu nitakujibu mimi, na akinichukia anichukie."

Nilikuwa nimepanda na maneno mengi ya kumtupia mzee huyu. Nilishuka nayo yote. Alinisindikiza hadi barabarani kwenye mvua bila mwavuli, na nilipotazama nyuma alikuwa bado amesimama pale. Mtu mwenye kiburi hasimami hivyo.

Jumapili, 17 Mei

Jana Mashaka alikuwa amelala niliporudi, au alijifanya. Nimemngoja mpaka leo baada ya chai. Alikuwa uani anapanga kuni chini ya bati. Nikachukua suruali yake ya kazi, nikatoa soketi mfukoni, nikaiweka mbele yake juu ya kuni.

"Mzee amesema uniambie."

Aliitazama. Yaani aligeuza uso upande ilipong'aa. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nyeusi sizioni, Hajira."

Huwa haniiti Hajira.

"Ikianguka chini ya gari, kwenye tope, ndiyo imepotea. Napapasa kama kuku gizani. Zikiwa kwenye sinia zote ni kitu kimoja, sijui ipi ni ipi. Nyeupe naiona inavyong'aa. Namba naisoma kwa kidole." Akanionyesha kidole gumba, kana kwamba nilikuwa nataka ushahidi. "Tangu kabla ya Ramadhani. Lilianza kama vumbi, nikawa nalifikicha. Halafu likawa ukungu. Ile miwani yako ilikuwa ukungu juu ya ukungu."

Chai mezani. Barabara yenye utelezi. Tope la kwenda msikitini. Uso alioupeleka mpaka kwenye nati kwa sababu alikuwa haioni. Masika yote nimelinda jicho lisipigwe kutoka nje, nimesikiliza mashine, nimegombana na wazee, nimetupa mali ya watu chooni, na jicho lenyewe lilikuwa linaondoka polepole nikiwa nimekaa karibu yake nampakulia wali.

"Na nesi alikwambia uende kliniki."

"Wakisema halitibiki, je? Sasa hivi sijui. Nikienda nitajua."

"Na kuniambia mimi?"

"Wewe ungeanza kulia kabla hata sijapofuka."

Nilitaka kumpiga na ukuni. Nilikaa chini, kwenye unyevu, mbele yake, magoti yangu yakigusa yake. Nikamuuliza kitu ambacho sikujua kama nataka jibu lake.

"Na mimi unaniona?"

Alinyoosha mkono. Ukapita kidogo karibu na shavu langu, ukarudi, ukanipata.

"Wewe nakujua," akasema.

Basi nikalia, ili asiwe amesema uongo. Yeye hakulia, aliendelea kunishika shavu mpaka nikamaliza. Soketi nimeichukua, hataiona tena, na Vedastus atashika magurudumu. Nimeshampigia Mzee. Amesema tusiwaze kazi, na pikapu yake itakuwa mlangoni asubuhi. Mashaka anasema hajakubali. Sijamuuliza kama amekubali.

Kliniki ya macho siku ya Jumatatu inajaa watu mpaka nje. Nimetoa sandukuni mtandio wangu mweupe kupita yote na nimeupiga pasi, ili kesho nikisimama kwenye foleni asinipoteze.